Fela Sowande: Kinanda na Ulimi wa Mtu

Mtu hupimwa kwa kazi yake, na kazi hupimwa kwa shabaha iliyokusudiwa. Kipimo hiki ni chepesi kutajwa lakini ni kizito kutumiwa, hasa kazi yenyewe inapokuwa ya mtu aliyesimama kati ya dunia mbili akahukumiwa na zote mbili. Fela Sowande wa Nigeria, mpiga kinanda cha kanisa, mtunzi wa muziki na mwalimu wa vyuo vikuu, alikuwa mtu wa hali hiyo. Aliishi tangu mwaka 1905 hata mwaka 1987. Walikuwako Wazungu waliomtaka awe Mwafrika zaidi katika muziki wake. Walikuwako Waafrika waliomtaka akiache kinanda cha wageni ashike ngoma ya baba zake. Mashtaka ya pande mbili yakikutana juu ya kichwa cha mtu mmoja, aghalabu huwa na jambo ndani yake linalostahili kuchunguzwa. Jambo hilo ndilo shabaha ya makala haya: je, chombo kigeni chaweza kusema lugha ya mwenyeji bila ya kuiharibu?

Yafaa kwanza msomaji akijue chombo chenyewe. Kinanda kinachotajwa hapa si kile kidogo kinachobebwa na watu wawili hata kanisa la kijijini. Ni kinanda cha mabomba, nacho ni kikubwa kama nyumba. Mpigaji huketi mbele ya safu mbili, tatu au zaidi za vibao vya kubonyeza kwa vidole, na chini yake iko safu nyingine ya mbao za kukanyaga kwa miguu. Pembeni vimo vishikio, na kila kishikio kikivutwa hufungua jamii moja ya mabomba. Bomba fupi hulia kwa sauti nyembamba kama ya ndege. Bomba refu la futi 16 au 32 hutoa ngurumo isikikayo kifuani kabla ya kufika sikioni. Sauti ya piano huanza kufa mara tu inapozaliwa. Sauti ya kinanda cha mabomba huishi kadiri kidole kinavyokaa mahali pake, kwa sababu haina pumzi ya kuisha. Lakini utajiri huu una umaskini wake. Nguvu ya kidole haiongezi sauti wala haiipunguzi, na sauti haiwezi kutelezeshwa kutoka chini kwenda juu. Kila bomba lina kimo chake, nalo haliondoki hapo. Umaskini huu ukumbukwe, maana ndio ufunguo wa mlango utakaofunguliwa mbele.

Sowande alizaliwa katika nchi ya Wayoruba, mwana wa kasisi wa Kanisa la Kianglikana aliyekuwa pia mwalimu na mpenzi wa muziki wa ibada. Huko Lagos aliimba katika kwaya ya watoto ya Kanisa Kuu la Kristo, chini ya mkono wa T. K. Ekundayo Phillips. Phillips alishika kinanda cha kanisa hilo tangu mwaka 1914, akakaa nacho karibu nusu karne, na mwaka 1953 alitoa kitabu juu ya muziki wa Wayoruba. Huyu ndiye chemchemi. Mto waweza kwenda mbali ukapokea maji ya milima mingine, lakini rangi ya kwanza ya maji huipata pale ulipotoka. Kwa Phillips kijana Sowande aliona mambo mawili yaliyoonekana kwa wengi kuwa hayapatani: mtu mweusi akikitawala kinanda kikubwa kwa vidole na miguu, na mtu huyo huyo akisumbuka usiku na mchana juu ya namna wimbo wa kanisa unavyoweza kuimbwa kwa Kiyoruba bila ya kuigeuza maana.

Katikati ya miaka ya 1930 Sowande alisafiri kwenda London, na nia yake ilikuwa kusomea uhandisi. Uhandisi haukumpata. Mkate wa kila siku aliutafuta kwa vidole vyake, akipiga muziki wa jazi katika vilabu vya usiku. Mwaka 1936 aliipiga sehemu ya piano katika Rhapsody in Blue ya George Gershwin. Akapiga pamoja na Fats Waller, bingwa wa Marekani. Na akamsindikiza kwa kinanda mwimbaji Adelaide Hall. Wakati uo huo alisoma kwa bidii kinanda cha kanisa, na miongoni mwa walimu wake walikuwamo George Oldroyd na G. D. Cunningham. Mwaka 1943 alifaulu mtihani wa juu wa Chuo cha Kifalme cha Wapiga Vinanda cha Uingereza, akachukua zawadi tatu kwa mara moja: ya upigaji, ya elimu ya nadharia, na ya jumla ya alama. Alipata pia shahada ya muziki ya Chuo Kikuu cha London. Katika siku za vita alikuwa mshauri wa muziki wa idara ya serikali iliyotengeneza filamu kwa ajili ya makoloni. Na tangu mwaka 1945 hata mwaka 1952 alikuwa mpiga kinanda na kiongozi wa kwaya wa Misheni ya Magharibi ya London ya Kanisa la Kimethodisti, katika jumba la Kingsway.

Mambo haya hayatajwi kwa ajili ya kupamba jina la marehemu. Yametajwa kwa kuwa yamo katika muziki wake. Anayezisikiliza kazi zake kwa makini husikia walimu wawili wakizungumza katika chumba kimoja: kanisa lililomfundisha adabu ya sauti nyingi kwenda pamoja bila ya kukanyagana, na klabu ya usiku iliyomfundisha utamu wa sauti zilizopambwa, zinazopanda na kushuka kwa hatua ndogo ndogo. Mara nyingi walimu hawa husikilizana. Mara nyingine wa pili humshinda wa kwanza kwa maneno, na asali huzidi katika uji.

Sasa umefika wakati wa kulitazama tatizo kubwa. Kiyoruba ni lugha ambayo kimo cha sauti ni sehemu ya neno. Viko vimo vitatu: cha juu, cha kati na cha chini. Neno ọkọ, silabi zake zote mbili zikitamkwa kwa kimo cha kati, ni mume. Silabi ya mwisho ikipandishwa ni jembe. Ikishushwa ni chombo cha kusafiria. Wamisionari walipozitafsiri nyimbo za Kiingereza kwa Kiyoruba na kuziimbisha kwa tuni zile zile za Kiingereza, tuni ilipanda mahali ambapo neno lilishuka, ikashuka mahali ambapo neno lilipanda. Mwimbaji alikusudia kusifu akajikuta akisema jambo jingine, au hasemi lolote. Ibada ilikuwa kweli, moyo ulikuwa safi, lakini ulimi ulikuwa umefungwa kamba na tuni.

Msomaji wa Kiswahili asilione jambo hili kuwa la mbali. Kiswahili hakina vimo vya namna hiyo, lakini kina mkazo, na mkazo una sheria yake. Barabara yenye mkazo katika silabi ya pili ni sawasawa. Yenye mkazo katika silabi ya tatu ni njia ya kupita magari. Nyimbo nyingi za kanisa zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huubebesha mzigo wa tuni juu ya silabi isiyoweza kuubeba, na waimbaji wamezoea hata hawasikii tena kilema hicho. Washairi wa pwani, waliojifunza kuhesabu mizani tangu utotoni, hukisikia. Kwa hiyo swali la Sowande ni swali la kila lugha iliyovikwa nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mwili mwingine.

Dawa ya kwanza ilikuwa ile ya Phillips na wenzake: kutunga lahani mpya inayofuata mwendo wa neno. Dawa hii ni nzuri, lakini inaponya nusu ya ugonjwa. Kwaya huimba sauti nne. Lahani ya juu ikilifuata neno kwa uaminifu, sauti tatu za chini zitafanya nini? Zikienda sambamba na ya juu, maana huhifadhika, lakini ule ustadi wa sauti kujibizana, ambao ndio fahari ya muziki wa kanisa la Ulaya, hupotea. Zikienda njia zao wenyewe, ustadi hupatikana, lakini waimbaji wa sauti ya chini watakuwa wanasema jembe wakati wa juu wanasema mume. Ulimi mmoja hauwezi kutii wafalme wawili.

Hapo ndipo Sowande alipoonyesha akili yake, na hapo ndipo kinanda, kile chombo kilichoshtakiwa kuwa kigeni, kilipokuwa mkombozi. Katika kazi kama Oyigiyigi, Obangiji na Yoruba Lament, alichukua nyimbo na mahadhi ya watu wake akayaweka katika kinanda bila ya maneno. Lahani husimama mahali pake, nayo ina umbo la usemi wa Kiyoruba: hupanda ulimi unapopanda, hushuka ulimi unaposhuka, hata Myoruba aujuaye wimbo huyasikia maneno yake ingawa hakuna ayasemaye. Lakini sauti nyingine zinazoizunguka lahani hiyo hazina neno lolote la kuliharibu. Zaweza kwenda juu, zaweza kwenda chini, zaweza kukimbizana, wala hakuna atakayedanganywa, kwa maana hazikupewa ulimi. Alichokishindwa mwimbaji wa sauti nne, mpiga kinanda alikiweza. Umaskini wa chombo, yaani kutokuwa na neno, uligeuka kuwa uhuru wake.

Oyigiyigi ni mfano wa kutosha. Jina hilo ni la sifa, nalo hutumiwa kumtukuza Mungu. Kazi yenyewe ina utangulizi, kisha wimbo wa asili, kisha mageuzi ya wimbo huo. Namna hii ya kutunga, ya kulichukua jambo moja na kulisema kwa njia nyingi, ni ya zamani sana huko Ulaya. Sowande hakuibuni. Alichokifanya ni kuipa kazi nyingine. Katika mikono ya watunzi wengi wa Ulaya mageuzi hutumika kuonyesha ni umbali gani mtunzi aweza kwenda kutoka pale alipoanzia. Hapa hutumika kuonyesha kwamba wimbo ni ule ule kila uvaapo nguo mpya. Kinachojaribiwa si werevu wa mtunzi bali uthabiti wa wimbo, kama jina la Mungu linavyotajwa kwa sifa nyingi na Mungu akabaki mmoja. Mpigaji asiyelifahamu jambo hili aweza kuzipiga noti zote bila ya kosa na akaikosa kazi.

Haki hudai kwamba udhaifu nao utajwe. Kinanda hakiwezi kutelezesha sauti. Ngoma ya kusema ya Wayoruba, ile inayobanwa kamba zake kwapani, huweza. Na kuteleza huko kutoka kimo hadi kimo ni sehemu ya uhai wa usemi. Lahani ya Sowande katika mabomba ni kama mtu anayepanda ngazi, hali ulimi wa Myoruba ni kama mtu anayepanda mlima. Kimo ni sawa, lakini mguu haukanyagi namna moja. Tena, yale mapambo ya sauti aliyoyapata London, matamu kwa sikio, mara nyingine huifunika lahani kama mizabibu inavyofunika ukuta, hata mjengo usionekane. Mahali alipokuwa mchache wa maneno ndipo alipokuwa mkubwa.

Kazi yake ipendwayo na wengi si ya kinanda. Ni African Suite ya mwaka 1944, mfululizo wa vipande vitano kwa fidla za ukubwa mbalimbali na kinubi. Katika kipande cha kwanza alitumia lahani ya Ephraim Amu wa Ghana; katika kile cha mwisho, kiitwacho Akinla, alichukua wimbo wa kuchezwa wa Afrika ya Magharibi. Hakuna ngoma hata moja katika okestra hiyo. Wako wanaolaumu hilo wakisema kwamba ni karamu isiyo na chumvi. Lawama hiyo ina uzito lakini haitoshi. Mtunzi aliyekusudia kuonyesha kwamba lahani ya Kiafrika yaweza kusimama peke yake, bila ya kushikwa mkono na ngoma, hawezi kuhukumiwa kwa kuiacha ngoma nje. Kosa, kama liko, ni jingine: kazi hii ni rahisi mno kupendwa. Kipande cha Akinla kilitumika kwa miaka mingi kufungulia kipindi cha muziki cha redio ya Kanada, na wasikilizaji wasiohesabika waliijua lahani hiyo kama wanavyoijua sauti ya jirani, bila ya kumjua aliyeitunga. Hiyo ni sifa, na tena ni msiba.

Mwaka 1953 Sowande alirudi Nigeria kuwa mkuu wa muziki katika redio ya nchi yake. Hapo alianza kazi ya pili ya maisha yake, ambayo huonekana kidogo kuliko ya kwanza lakini huenda ikadumu zaidi: kukusanya, kuchunguza na kufundisha. Nigeria ilipopata uhuru tarehe 1 Oktoba 1960, Folk Symphony yake ilikuwa imetungwa kwa ajili ya siku hizo. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Ibadan, akazama katika elimu ya Ifa na imani za kale za Wayoruba. Na mwaka 1968 alikwenda Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Howard, kisha Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kisha Chuo Kikuu cha Kent State katika Ohio. Alifika Howard katika mwaka ule ule ambao wanafunzi walilishika jengo la utawala wakidai masomo yanayowahusu watu weusi. Mtoto wa kasisi, bingwa wa mitihani ya Kiingereza, alisimama mbele ya vijana hao akiwaambia kwamba muziki wa Afrika hauwezi kufahamika kwa noti peke yake, kwani noti ni ganda, na kiini chake ni imani na maisha ya wale waupigao.

Wengine huona hapa kujipinga. Husema kwamba mtu aliyejenga jina lake juu ya kinanda hakuwa na haki ya kuwarudisha vijana kwenye ngoma na Ifa. Lakini Sowande alikwisha kujibu mapema kwa kulikataa wazo la ubaguzi wa rangi katika sanaa, yaani wazo kwamba mtunzi lazima afungwe ndani ya namna za baba zake peke yake. Kukataa kufungwa ndani ya nyumba si kuichukia nyumba. Mtu aliye huru kutoka ndiye aliye huru kurudi. Kilichobadilika katika miaka yake ya mwisho si msimamo bali mahali pa mkazo: London alihitaji kuwathibitishia wageni kwamba Mwafrika aweza kukitawala chombo chao, Ibadan na Marekani alihitaji kuwathibitishia watu wake mwenyewe kwamba chombo si kitu kama hakuna neno la kusema.

Gharama ya njia hii haikuwa ndogo. Kadiri mwalimu alivyokua, mtunzi alipungua. Kinanda cha mabomba ni haba katika Afrika, na mahali kilipo, joto na unyevu huzila mbao na ngozi zake. Kwa hiyo kazi zake bora zimeandikwa kwa chombo ambacho watu wake wengi hawajapata kukisikia. Alifariki Ohio mwezi wa Machi 1987, mbali na Lagos. Lakini mbegu haikuanguka juu ya jiwe. Ayo Bankole, aliyeishi tangu 1935 hata 1976, alikuwa mpiga kinanda na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Lagos, naye aliiendeleza njia hiyo. Na Akin Euba, aliyefariki mwaka 2020, alitafuta namna ya kuifanya piano iseme kwa midundo ya Afrika, akawa profesa wa chuo kile kile cha Pittsburgh ambacho Sowande alikifundisha kabla yake.

Pwani ya Afrika ya Mashariki inalo jibu lake kwa swali lililoulizwa mwanzo, nalo lilitolewa bila ya hoja. Udi, fidla na kanuni vilifika Unguja kutoka ng'ambo. Siti binti Saad alipoimba Kiswahili juu ya vyombo hivyo, na nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, hakuna aliyeuliza tena kama taarabu ni ya wenyeji ama ya wageni. Ulimi ulikuwa umekwisha kuvitawala vyombo. Sowande alikuwa na kazi ngumu zaidi, maana chombo chake kilikuja pamoja na serikali iliyotawala nchi yake, na katika kazi zake bora ulimi wenyewe haukutamkwa. Alitaka usikike bila ya kutamkwa. Pale alipofaulu, kinanda kiliacha kuwa cha mtu ye yote. Pale aliposhindwa, kilirudi kuwa cha Waingereza. Hesabu ya mara alizofaulu haikufikia kiasi cha kipaji chake, lakini zinatosha kuondoa shaka kwamba jambo hilo lawezekana. Mtu aliyethibitisha kwamba jambo lawezekana amewaachia wanaomfuata urithi mkubwa kuliko aliyelikamilisha akalifunga mlango.